Watu Walijaa, Uwanjani Hakuja Mtu: Kutafuta Tatizo Klabu Inapotoka Kwenye Shughuli Mikono Mitupu

Shughuli ya mtaa imekwisha, maturubai yanashushwa, vijana waliokaa mezani kuitangaza klabu wamekunja bango na kulitia kwenye kiroba pamoja na koni. Kila mtu anasema siku ilikuwa nzuri, watu walijaa. Jumatatu jioni mwalimu anafika uwanjani anawakuta watoto walewale wa wiki iliyopita. Jumatano vilevile. Wiki inakatika hajaja hata mmoja aliyetoka kwenye ile shughuli, na kikao cha viongozi kinapokaa, kuna atakayesema: "Watu wa huku hawapendi michezo."

Si kweli. Mimi ni katibu wa klabu ya mtaani Temeke, tuna timu za vijana za mpira wa miguu na netiboli ya wasichana, na nimewaona watu wa huku wakisimama juani mchana kutwa kuangalia mechi ya mchangani ambayo hata ubao wa matokeo haina. Wanapenda. Klabu ndiyo inayowapoteza njiani, na mahali inapowapotezea panatafutika. Fundi pikipiki akiletewa chombo kisichowaka haagizi injini mpya. Anaangalia kwanza kama mafuta yanafika.

Mtu anayekuja kwenye shughuli ya mtaa hupita hatua tano kabla hajawa mtu wenu: anawaona, anasimama, anauliza, anaondoka na kitu mkononi au kwenye simu, anafika uwanjani. Shughuli ijayo, mpe mtu mmoja karatasi na kalamu, kazi yake iwe kupiga mistari tu: wangapi wamesimama, wangapi wameuliza, wangapi wameacha namba. Kisha wiki mbili baadaye mwalimu ahesabu waliofika. Pale idadi inapoporomoka ndipo pa kushughulikia, na kwingine kote hakuhitaji hata shilingi. Nimeona klabu ikichangishana kununua bango kubwa wakati watu walikuwa tayari wanasimama mezani kwao kwa makumi. Walichokosa ni kalamu.

"Wanapita, hawasimami"

Angalia kwanza mnafanya nini pale mezani. Mara nyingi jibu ni: mmekaa. Kuna meza, kitambaa, kombe moja, jezi nne zimekunjwa, na vijana watatu wameinamia simu. Meza ya namna hiyo kwenye shughuli ya mtaa watu huichukulia kama ya kuuza kitu au ya kuchangisha, na wote wawili, muuzaji na mchangishaji, hukwepwa.

Klabu ya michezo ina kitu ambacho banda la benki na meza ya bima havina: mchezo wenyewe. Weka mpira chini. Kijana mmoja apige danadana, aite watoto wahesabu. Akifika thelathini kuna duara la watu. Wasichana wa netiboli wakisimamisha nguzo yao ndiyo kabisa. Nguzo ya kawaida ina urefu wa mita 3.05, kwa mtoto wa miaka minane ni mbinguni, kwa hiyo tengenezeni fupi ya bomba au mti ambayo mtoto anaweza kufunga. Mtoto akifunga mara moja, mama yake hasogei pale kwa dakika kumi, na dakika kumi ndizo mnazozihitaji.

Sababu ya pili ni mavazi. Siku moja mezani kwetu walikaa vijana watatu, wawili na jezi za Simba, mmoja na ya Yanga. Mzee mmoja akaja, tukamwamkia, akauliza kadi za tawi zinatolewa shilingi ngapi. Alikuwa sahihi kwa alichokiona. Kama jezi za klabu hazitoshi, vaeni fulana za rangi moja tupu, lakini msivae klabu ya mwingine siku mnayojitangaza.

Ya tatu ni bango. Litandike, rudi nyuma hatua ishirini, muulize mtu asiyewajua anasoma nini. Mabango mengi ya klabu yana nembo kubwa, kaulimbiu, mwaka wa kuanzishwa, na majina ya viongozi wote hadi mweka hazina msaidizi. Mtoto anafanya mazoezi wapi na saa ngapi, hakuna. Majina ya viongozi yaondoke. Najua maneno yatakayotokea kwenye kikao, lakini yaondoke.

"Wanasimama, wanafurahi, wanaondoka"

Hapa ndipo klabu nyingi zinapopotezea watu, na hapa nitakaa.

Miaka michache iliyopita, kwenye bonanza moja la mtaa, mama mmoja alikuja mezani kwetu ameshika mkono wa mtoto wa kiume wa kama miaka tisa. Mtoto alikuwa na kandambili moja mkononi, ya pili mguuni, kwa sababu alitoka kuukimbilia mpira wetu. Mama akauliza: "Hapa ndo mnapofundisha watoto mpira?" Kijana wetu akasimama kwa heshima, akajibu: "Ndiyo mama, karibu sana." Mama akasema ahsante. Akasubiri kidogo. Kijana akatabasamu, akasema tena, "Karibu sana, mama." Mama akamvuta mtoto wakaondoka.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale na sikuona kosa lolote. Adabu ilikuwepo, tabasamu lilikuwepo. Nilikuja kumwona yule mtoto miezi miwili baadaye, akifanya mazoezi na klabu ya ng'ambo ya barabara. Mwalimu wa kule alimwambia mama yake: Jumanne, saa kumi na nusu, uwanja wa nyuma ya shule, uniulizie mimi.

Sisi tulisema karibu, na kwetu neno hilo lina uzito kiasi kwamba tunadhani limemaliza kazi. Lakini karibu ya kwenye shughuli haina mlango. Ukimkaribisha mtu nyumbani anajua nyumba ilipo. Ukimkaribisha klabuni hajui siku, hajui saa, hajui uwanja, na zaidi ya yote hajui amwendee nani akifika akawakuta vijana arobaini wanakimbia na mtu mzima mmoja anapuliza filimbi. Mama mwenye heshima zake hatajisogeza katikati ya hilo. Atasimama pembeni, atangoja aitwe, na asipoitwa atarudi nyumbani.

Kwa hiyo jibu la swali lolote mezani liwe na vitu vinne: siku, saa, uwanja, na jina la mtu wa kumuulizia. Kila kijana anayekaa mezani avijue kwa kichwa, na mviigize kabla ya kutoka nyumbani, mmoja awe mama, mwingine awe wa klabu. Tulipojaribu mara ya kwanza, watu watatu walitaja saa tatu tofauti. Tukagundua hata sisi wenyewe hatukuwa tumekubaliana.

Kuna swali la tano ambalo mzazi haulizi, ila linamzuia: ni shilingi ngapi, na lazima nimnunulie viatu? Mjibu kabla hajauliza. Kama hakuna ada, sema hakuna. Kama ipo, taja kiasi na useme inalipwaje. Kama mtoto anaweza kuanza peku au na raba za shule, sema hivyo kwa sauti. Mzazi anayeficha kwamba hana pesa ya viatu atasema "tutakuja", na hatakuja.

Kipimo cha dalili hii ni rahisi. Mtume ndugu yako asiyejulikana na wenzako, apite mezani, aulize. Akirudi, mwambie akueleze mazoezi ni lini. Asipojua, umeshaliona tatizo.

"Tumeandika majina daftari zima, wamekuja wanne"

Fungua daftari lenyewe ulisome. Namba za huku zina tarakimu kumi, hesabu. Utakuta zenye tisa, utakuta moja inayofanana na saba, utakuta "Mama Rehema" bila namba yoyote. Mtu akitaja namba kwenye kelele za spika, anayeandika anasikia nusu. Dawa ni kubipu palepale. Piga, simu yake iite, umwambie hiyo ndiyo namba ya klabu, aihifadhi. Sasa ana yenu na mna yake, na imethibitika.

Kama namba ni nzima, angalia ni za nani. Mtoto wa miaka kumi na miwili atakutajia namba ya kaka yake, au ya nyumba waliyohama. Namba inayotakiwa ni ya anayemruhusu mtoto kutoka jioni. Mara nyingi huku ni mama au bibi, hata pale baba alipo.

Kisha uliza walipigiwa lini. Tulikuwa na desturi ya kungoja kikao cha Alhamisi ili "tupange utaratibu wa kuwapigia". Mtu aliyekuachia namba Jumamosi, Alhamisi amekusahau. Ujumbe uende Jumapili jioni, kabla ya wiki ya shule kuanza: "Shikamoo mama, ni mwalimu wa netiboli tuliyeonana jana pale kwenye bonanza. Mazoezi ni kesho saa kumi na nusu, uwanja wa shule. Nitamsubiri Zuhura getini." Jina la mtoto limo, kwa hiyo mezani mliandike jina la mtoto na si la mzazi peke yake. Ujumbe mmoja unaotumwa kwa wote kwa mkupuo watu wanautambua, wanaufuta.

Msimwingize mtu kwenye kundi la WhatsApp bila kumuuliza. Mbali na kwamba anakerwa na salamu themanini za asubuhi, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Namba mliyopewa kwa ajili ya mazoezi ni ya mazoezi. Asipewe mgombea, asipewe muuza viwanja, asipewe hata mfadhili. Mwambieni mtu mnaichukua ya nini, na daftari likae kwa mtu mmoja.

"Walikuja mara moja, hawakurudi"

Hili halihusu shughuli, kwa hiyo fupi. Simama pembeni ya uwanja wako mwenyewe, umwangalie mgeni anapofika. Kama dakika kumi zinapita hajaulizwa jina, au kama anawekwa golini nusu saa huku wakubwa wakipiga mashuti, umejibiwa. Siku ya kwanza mgeni apewe mwenzake wa rika lake wa kuwa naye, na aguse mpira mara nyingi kuliko alivyotarajia.

"Tulialikwa, tukacheza, jina letu halikutajwa"

Malalamiko haya ni ya haki. Klabu inaombwa kuleta timu "kunogesha", inacheza mechi ya maonesho, na MC anamaliza siku nzima akisema "vijana wetu hawa". Lakini kabla ya kumlaumu MC, jiulize mlimpa nini asome. Yeye ana majina ya viongozi ishirini wa kuwatambulisha kwa itifaki, na akimkosea mmoja atasikia habari yake. Lenu hana sababu ya kulitafuta.

Mpelekeeni karatasi yenye herufi kubwa na sentensi tatu: sisi ni nani, tunafanya mazoezi lini na wapi, leo mtutafute wapi na tumevaa rangi gani. Mpe mkononi kabla spika hazijawashwa, pamoja na chupa ya maji. Hakikisheni matamshi ya jina la klabu anayajua.

Jambo la pili ni saa. Ratiba inasema saa nane mchana. Mgeni rasmi anafika saa kumi. Kwa saa mbili hizo watu wamekaa kwenye viti vya plastiki hawana la kuangalia, watoto wanazunguka, MC anarudia nyimbo zilezile. Na timu inafanya nini? Imejipumzisha chini ya mwembe, inatunza nguvu za mechi ya mbele ya mgeni rasmi. Mechi inakuja kuanza saa kumi na moja na nusu, hotuba zimekwisha, watu wanawahi daladala, mnacheza mbele ya viti vinavyobebwa. Saa za kumsubiri mgeni rasmi ndizo saa zenu. Ombeni kwa waandaaji mzitumie kwa michezo ya watoto, na watawashukuru, maana kimya kile kinawatesa wao zaidi yenu.

"Tulisikia shughuli ikiwa imeshapita"

Hapa hakuna kalenda, na hakuna mtu wenu anayefika ofisi ya serikali ya mtaa isipokuwa mnapohitaji muhuri. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji ndio wanaojua lini kuna mkutano wa hadhara, lini kuna chanjo, lini Mwenge unapita. Nenda kuwaamkia hata kama huna shida.

Baadhi ya tarehe hazihitaji kuulizwa. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni ya usafi. Klabu inayotokea na majembe na kusafisha mfereji mmoja, kila mwezi, mtaa ule ule, inajulikana kuliko inayotembeza gari la matangazo. Juni 16 ni Siku ya Mtoto wa Afrika, na shule na kata huwa na jambo. Mwishoni mwa Juni hadi kati ya Julai ni maonesho ya biashara ya Sabasaba pale Barabara ya Kilwa. Banda la ndani si saizi yetu, lakini bonanza la mtaani kwako siku hizo lifikirie mara mbili, maana familia nyingi zitakuwa kule. Kuna pia siku za klabu kubwa. Simba ilianza Simba Day mwaka 2009, na Yanga ikaja na Wiki ya Mwananchi mwaka 2019. Tarehe zao huhama mwaka hadi mwaka, kwa hiyo angalia kabla ya kuchapisha vipeperushi, la sivyo utajikuta na uwanja mtupu.

Wakubwa hao wanatufundisha kitu kingine. Ndani ya wiki zao kabla ya mechi kubwa wanachangia damu, wanafanya usafi, wanatembelea wagonjwa. Klabu zenye mashabiki nchi nzima zinaona haja ya kushuka mtaani. Iweje sisi wa mtaani tungoje tufuatwe?

Tarehe ninayoipenda kuliko zote, na ambayo karibu kila klabu inaikosa, ni mahafali ya darasa la saba. Mtihani ni Septemba, kidato cha kwanza ni Januari. Katikati hapo kuna watoto wa miaka kumi na mitatu, kumi na minne, walio nyumbani bila shule, na wazazi wanaolala macho wazi wakiwaza wanazurura na nani. Mzazi huyo hahitaji kushawishiwa. Anahitaji mwalimu mkuu awape dakika mbili mwishoni mwa mahafali, mtaje siku nne za wiki za mazoezi. Mwombeni mwalimu mkuu mwezi Agosti, si asubuhi ya mahafali.

Msibani hamjitangazi. Lakini nendeni, bila jezi, mpange viti, mbebe maji. Nalisema hapa kwa sababu nimewahi kuona bango la klabu kwenye turubai la msiba, na familia ile haijasahau.

"Muuza duka alichangia maji, mwaka huu amekataa"

Rudi kwenye picha za mwaka jana uone kama yumo. Kawaida hayumo, wala hakutajwa, wala hakuna aliyerudi kumwambia watoto wangapi walikunywa. Mchangiaji wa katoni mbili za maji haombi jina lake liandikwe kwenye jezi. Mpelekee picha moja iliyochapishwa, watoto wakiwa na yale maji, aibandike ukutani dukani. Wateja wataiuliza, na yeye ataieleza klabu yenu vizuri kuliko katibu. Gharama yake haifiki hata bei ya katoni moja.

Kuhusu picha kwa jumla: watoto wa chini ya miaka 18 wasipigwe na kuwekwa mtandaoni bila mzazi kukubali, na wasiandikwe majina kamili na shule. Muulizeni mzazi palepale mezani, mwandike ndiyo au hapana kwenye daftari. Na picha inayokwenda mtandaoni iwe na yale manne chini yake, siku, saa, uwanja, mtu. Picha nzuri ya vijana wamenyanyua kombe yenye maneno "Tunasonga mbele" inapendwa na watu walewale walioko klabuni tayari.

"Mvua ilinyesha, siku ikaharibika"

Masika ya Dar es Salaam hayaulizi ratiba. Bonanza letu la mwezi Aprili, mwaka mmoja, lilikatwa saa tisa mchana, uwanja ukawa bwawa, tukakunja kila kitu tukakimbilia kwenye gari. Tulipokuwa tunaondoka niliwaona watu kama ishirini na watoto wao wamejibanza chini ya turubai moja lililobaki, hawana pa kwenda mpaka mvua ikatike. Saa nzima walikaa pale.

Tangu siku hiyo daftari na kalamu mbili vinakaa ndani ya kopo lenye mfuniko, na kopo ndilo la mwisho kuingia garini. Mvua ikianza, nguzo na koni zinaweza kulowa. Mtu mmoja anabeba kopo, anaingia chini ya turubai, anaamkia wakubwa, anauliza watoto majina.